Tupande na Mto Morogoro

Mto Morogoro si mto mkubwa. Wakati wa kiangazi mtoto huweza kuuvuka kwa kuruka juu ya mawe. Lakini maji yake huingia mto Ngerengere, na Ngerengere huingia mto Ruvu. Maji ya Ruvu hunywewa Dar es Salaam.

Safari huanza mjini Morogoro asubuhi. Barabara hupanda Milima ya Uluguru mpaka Morningside, penye nyumba ya zamani iliyojengwa na Wajerumani. Barabara hiyo ina kona nyingi. Wenyeji hukata kona kwa vijia vya miguu. Utakutana na akina mama wanateremka sokoni, ndizi na mboga kichwani. Wapishe. Mwenye mzigo ndiye mwenye njia. Wakati wa masika shika fimbo, maana udongo huteleza kama sabuni.

Kila unapoukaribia mto, utazame. Baada ya mvua, maji ya chini yana rangi ya chai ya maziwa. Ukifika juu karibu na msitu, maji ni safi, unaona mchanga. Mto ni ule ule, na mvua ni ile ile. Tofauti ni kingo. Huku chini jembe limefika mpaka majini. Hakuna mizizi ya kushika udongo, basi mvua huubeba pamoja na samadi yako.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zenye kudhuru ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hizo ni hatua 80 hivi za mtu mzima. Najua ni jambo gumu. Mashamba ya Uluguru ni madogo, na kwa wengine mita 60 ni shamba zima. Nguvu peke yake haifai. Wakoloni walilazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi, na mwaka 1955 Waluguru waliyakataa kwa ghasia. Afadhali tukae na wenye mashamba, tuanze na mistari ya matete na miti ukingoni. Matete ni chakula cha ng'ombe na mbuzi pia.

Juu ya Morningside kuna msitu wa hifadhi. Ukitaka kupanda mpaka kilele cha Bondwa, omba kibali kwanza. Tena geuka mapema, kwa sababu ukungu hushuka ghafla na vijia havionekani.