Niliowaandika "Wengineo"

Nyanya za mama mmoja wa Ilula zilikuwa na vifundo mizizini, kazi ya minyoo fundo, na mimi ndiye niliyemshauri aweke chokaa kisha, bila kungoja, amwage urea nyingi kuliko mimea ilivyohitaji. Kwenye karatasi hesabu ilikaa vizuri. Urea ikivunjika udongoni hutoa amoniamu; chokaa ikipandisha pH, sehemu kubwa zaidi ya amoniamu hiyo hugeuka gesi ya amonia, na gesi hiyo huua minyoo. Iliua kweli. Nilipochuja udongo na kuinamia darubini, sahani ilikuwa karibu tupu. Nikaandika kwamba shamba limesafishwa.

Sikukosea kwa kutojua. Kabla ya chokaa nilikuwa nimewaona minyoo wanene, kinywa kama pipa, jino kubwa ndani yake: jamii ya Mononchus, wanaokula minyoo wenzao. Mtafiti Nathan Cobb aliwaeleza mwaka 1917, akitumaini wangetumika kulinda mazao. Fomu yangu ilikuwa na safu ya minyoo fundo. Wawindaji hawa nikawatupia kwenye "wengineo".

Na mtafiti Bongers nilikuwa nimemsoma! Kipimo chake cha mwaka 1990 huwapanga minyoo wa udongoni kutoka 1 hadi 5, na Mononchus wamo daraja la 4: huishi muda mrefu, hutaga mayai machache, hawastahimili kemikali. Wakishakufa, huchelewa sana kurudi. Minyoo fundo je? Jike hukaa ndani ya mzizi, na mayai yake, kwa mamia, hufunikwa na ute mzito. Niliwaua walinzi, mayai yakabaki.

Sidai kwamba wawindaji wale peke yao wangeziokoa nyanya. Hata kuwafuga kwa wingi ni shida, na ndoto ya Cobb haikutimia kirahisi. Ila msimu uliofuata vifundo vilirudi, vikubwa kuliko vya kwanza, na mama akaniuliza kama aongeze urea. Jibu nilikuwa nalo. Nikamwambia asubiri kwanza, nitamtafutia dawa nyingine.

Ukweli nilimweleza hasara ilipokwisha kuingia. Hakupiga kelele.

"Bwana shamba," alisema, "ungesema mapema nisingekopa."

Majirani zake walioiga ile chokaa na urea sijawafikia wote.