Usizoee Maumivu

Karatina, Julai

Mjukuu wangu mpendwa Wambui,

Huku baridi imekaza, na mlima haujajitokeza tangu wiki ianze. Ng'ombe amezaa ndama jike, na Cucu, nyanya yako, ameshasema huyo ni wako.

Nimefurahi kusikia umenunua baiskeli ya gia ya kukutoa King'ong'o hadi chuoni Kimathi. Lakini mama yako ameniambia pia kwamba magoti yanakuuma na vidole vinakufa ganzi, na kwamba aliyekuuzia alisema utazoea. Mzigo wa mwenzio, kanda la usufi! Usizoee, mama. Baiskeli ndiyo ifuate mwili wako.

Kabla mama yako hajazaliwa nilikuwa nikibeba maziwa kwa Black Mamba, zile nzito za magurudumu ya inchi 28. Wengi wetu tuliweka kiti chini kabisa, ili miguu iguse ardhi upesi tukisimama na mzigo. Jioni goti lilifura, nami nikadhani ni uzito wa makopo. Fundi mmoja mzee wa hapa sokoni aliniona nikipita, akaniita, akapandisha kiti vidole viwili. Goti likapoa. Mzigo ulikuwa uleule, na vilima vilevile.

Kwa hiyo anza na kiti. Vaa viatu unavyoendea chuoni, upande baiskeli kando ya ukuta, ushikilie ukuta kwa mkono mmoja. Weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukija kukanyaga kwa sehemu pana ya wayo, ile iliyo nyuma ya vidole, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapofaa. Goti likiuma mbele, mara nyingi kiti kiko chini; likiuma nyuma, kiko juu mno. Kwenye bomba la kiti kuna mstari uliochongwa. Ukiuona umetoka nje, umepita mpaka, na bomba linaweza kukatika nawe uko juu yake.

Ganzi ya vidole nayo, nadhani kiti kimeinama. Pua yake ikitazama chini, mwili wote huteremkia mikononi. Kilaze sawa na ardhi, usukani uwe kimo cha kiti au juu yake kidogo, na viwiko vilegee. Badilisha kitu kimoja, uendeshe siku kadhaa, ndipo uguse kingine. Ukigusa vyote pamoja hutajua kipi kimekuponya.

Mtu asikwambie huku ni kudeka. Chris Froome, yule aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akafundishwa na David Kinjah kule Kikuyu na kushinda Tour de France mara 4, ni wa kundi la watu wanaopima kiti kwa milimita. Wewe pima kwa kidole, itatosha.

Sasa nisikilize kwa makini, kwa maana hili ndilo linaloninyima usingizi. Wewe una mikono midogo ya Cucu, na breki za dukani hazikutengenezwa kwa mikono hiyo. Asubuhi za Julai vidole hukakamaa kwa ukungu, na barabara ya Mweiga ina malori na matatu. Ukishika usukani, vidole viwili vifikie breki bila kiganja kuachia. Visipofika, kwenye breki nyingi kuna skrubu ndogo karibu na mpini. Fundi akiikaza, mpini husogea karibu. Kisha hakikisha breki bado zinauma gurudumu kabla hujaondoka kwa fundi.

Na wewe Kamau, najua unasoma juu ya bega la dada yako. Ukiiazima baiskeli na kushusha au kupandisha kiti, kirudishe kilipokuwa. Wambui, chora alama ya kalamu kwenye bomba, tusije tukabishana.

Jumamosi nakuja Nyeri na spana zangu, tutapanga kiti na usukani pamoja. Nitakungoja nje ya soko saa nne. Breki usizingojee mimi: mwone fundi leo, na mpaka atakapomaliza, panda matatu.

Akupendaye,
Guka wako