Shairi Lililolala Jaani

Mwaka jana nilitambua kwamba mtu aweza kumvunjia heshima mwalimu wake bila kufungua kinywa wala kuinua kidole.

Mwalimu ninayemtaja anaishi Tanga. Ndiye aliyenifundisha kuhesabu mizani kwa kugonga vidole mezani, na kwa miaka mingi tumekuwa tukijibizana kwa tungo: yeye huuliza kwa beti sita au saba, nami hujibu kwa vina vilevile. Zamani aliandika kwa mkono, akampa dereva wa basi bahasha, nami nikaipokea stendi hapa Dar es Salaam. Kisha mjukuu wake akamfungulia anwani ya barua pepe, na Mwalimu akaniambia kwa simu kwamba sasa madereva watapumzika.

Miezi miwili ikapita bila shairi. Nikampigia kumjulia hali.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba.” Akanyamaza. Kisha akasema, “Wenye shughuli zao hatupendi kuwasumbua,” akaniaga.

Wapenzi wa ushairi hawahitaji kuelezwa uzito wa maneno hayo. Tangu mapema karne ya 19, Muyaka wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu waliporushiana tungo katika siku za vita vya Kuduhu, shairi la kuuliza limekuwa likidai jibu. Asiyejibu ama ameshindwa ama amedharau. Mwalimu alijua sikushindwa, maana ndiye aliyenifundisha. Limebaki moja.

Usiku ule nilifungua kisanduku changu cha barua na kurudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa. Hamna kitu. Mwishowe nikaingia mahali ambapo sikuwa nimekanyaga tangu mwaka uanze, kule ziendako barua taka. Nilikuta urithi wa majenerali nisiowajua, bahati nasibu nilizoshinda bila kucheza, dawa za kurudisha ujana. Katikati yake palikuwa na barua isiyo na kichwa, imeandikwa yote kwa herufi kubwa, imetoka kwenye anwani ambayo haikuwahi kuniandikia. Ilikuwa na siku 27. Mwalimu ameniruhusu niiweke hapa:

Barua yangu ya kwanza, haikupata jawabu,
Na hii ninaianza, nikitafuta sababu,
Kimya chako chanifunza, kwamba sina taratibu,
Nijibu japo kwa neno, moyo upate kutua.

Niliisoma mara tatu. Mshororo wa tatu ndio ulioniumiza: mzee aliyenifundisha adabu ya utunzi anajilaumu yeye kwa kukosa taratibu. Kisha nikarudi kwenye mshororo wa kwanza. Barua yangu ya kwanza. Basi ilikuwapo nyingine! Nikaitafuta hadi saa nane za usiku. Huduma ninayoitumia hufuta kila kilicholala katika barua taka kwa siku 30, wala haiulizi. Ile ya kwanza ilikwisha kwenda.

Siku zilizofuata nilitaka kujua ni nani huyu anayekaa mlangoni pangu akiwafukuza wageni. Mnamo Agosti 2002, Paul Graham, mwanaprogramu wa Marekani, alichapisha insha iliyosaidia sana kueneza njia ya kuchuja barua kwa kupima maneno. Kanuni yenyewe ni kongwe; ilitokana na Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza, ambaye maandishi yake yalichapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya kufa kwake. Kwa ufupi, kila neno hupewa uzito kulingana na mara ngapi limeonekana katika barua mbovu na mara ngapi katika barua njema, kisha mizani hujumlishwa. Naam, mizani! Vichujio vya leo hupima mengi zaidi: anwani ya mtumaji, viungo vilivyomo, hata yale ambayo wasomaji wengine wameyakataa. Sivilaumu. Bila vichujio ningezama kwa urithi wa majenerali.

Lakini jaribuni kuitazama barua ya Mwalimu kwa jicho lisilomjua Mwalimu. Juu ya ubeti ule aliweka salamu ndefu za kizamani, zile za “kwa mpendwa wangu, mheshimiwa, mwenye fadhila”, akaniombea afya na riziki, akauliza hali ya jamaa wote, ndipo akaja na “ama baad”. Hivyo ndivyo barua za pwani zilivyoandikwa tangu enzi za hati za Kiarabu, zilizofunguliwa kwa “Ila jenabi”. Sasa tazameni barua za matapeli. Nazo hufungua kwa mpendwa, kwa dua na kwa heshima iliyopitiliza, kabla ya kutaja dola milioni. Tapeli ameiba kanzu ya mstaarabu, na mlinzi akimwona mwenye kanzu humfukuza. Adabu yenyewe imekuwa dalili ya ubaya. Hilo limenikera kuliko kupotea kwa barua.

Na neno letu je? Wasemao Kiingereza waliita uchafu huu kwa jina la nyama ya kopo, kwa ajili ya mchezo wa kuchekesha wa televisheni wa mwaka 1970 ambamo nyama hiyo hutajwa hadi ikachusha. Sisi tukasema barua taka. Neno zuri, ila lina nyuso mbili: taka iliyo uchafu na taka iliyo kitenzi. Barua niliyoitaka ilikuwa katika taka. Mwalimu angeweza kutunga beti kumi kwa hilo tu.

Asubuhi nilimpigia nikamweleza yote. Alisikiliza, akacheka kidogo, akanisamehe upesi kuliko nilivyostahili. Nikamwomba anitumie tena shairi la kwanza, kwani nakala anayo katika daftari lake. Akakataa. “Swali lina wakati wake, mwanangu. Chai ikishapoa hupashwi wewe, hupikiwa nyingine.” Nimemwomba mara tatu tangu hapo. Daftari lipo, shairi limo, mimi sijui aliniuliza nini.

Niliiweka anwani yake katika orodha ya watu wangu, nikabonyeza palipoandikwa kwamba hii si barua taka, na nikaweka agizo kwamba chochote kitokacho kwake kisitupwe kule kamwe. Naye nilimwomba aandike kichwa cha barua na apunguze herufi kubwa. La kichwa amelikubali. La herufi amesema macho yake ni yake. Kila Ijumaa jioni napitia barua taka zote, kazi ya dakika tano, na katika kupitia huko nimeokoa mwaliko wa arusi na barua ya mhariri mmoja aliyekwisha kata tamaa nami.

Barua za Mwalimu sasa zinafika mahali pake, lakini yeye haamini. Kila akituma hunipigia simu, na hata kabla sijamaliza kumwamkia huniambia, “Nimekuandikia. Anzia jaani.”