Povu la Pima Maji

Kwa wiki mbili shafti zilitoka kwenye leti yetu ncha moja ikiwa nene kuliko nyingine kwa milimita 0.04. Msimamizi alikuwa na jibu tayari: mwanagenzi wa zamu ya usiku aondolewe.

Sikuafiki. Mkono wa mtu hukosea ovyo, leo hivi, kesho vile. Kosa hili lilijirudia vilevile, hata nilipokereza mimi.

Nikafunga kipande kifupi kinene bila kukiegemeza nyuma, nikakereza pete mbili kwa kisu kilekile bila kukigusa. Tofauti ikabaki. Basi egemeo la nyuma, ambalo kila mtu hulishuku kwanza, halikuhusika.

Nikalaza pima maji ya mafundi mashine, ile inayoonyesha mwinamo wa milimita 0.02 kwa mita, kukingama kitanda cha leti. Karibu na kichwa, povu katikati. Mwisho wa pili, limekimbia. Sakafu ilikuwa imetitia chini ya mguu mmoja, na kitanda chote kimejipinda. Ndiyo, chuma cha kusubu hujipinda. Uzito wake hudanganya macho.

Tulikaza boliti ya mguu ule kidogokidogo, tukipima kila mara. Saa tano usiku mwanagenzi akakereza pete mbili: 0.005.

Msimamizi alizipima mwenyewe, mara mbili. Barua ya kumwondoa kijana ilikuwa bado mezani kwake.