Siku Moja Nizwa Pamoja na Wajukuu



 Mwezi huu tumeona tusiandike juu ya mitihani wala nidhamu ya skuli, mambo ambayo mwalimu mstaafu hayaachi kwa wepesi. Tutawasimulieni safari ya siku moja tuliyoifanya na wajukuu zetu wawili, wa kiume wa miaka tisa na wa kike wa miaka sita, kutoka hapa Maskati kwenda Nizwa. Tunaisimulia kwa sababu mbili. Ya kwanza, safari hiyo ni nyepesi, gharama yake si kubwa, na mtoto hujifunza mengi ndani yake. Ya pili, siku ile kwa muda wa kiasi cha robo saa tulimpoteza mjukuu wetu mdogo, na kosa lilikuwa letu.

Safari ilianza jikoni, Alkhamisi baada ya sala ya Alasiri. Kwa kuwa tangu mwaka 2013 mapumziko ya wiki hapa Omani ni Ijumaa na Jumamosi, watoto walikuwa wametoka skuli siku ile ile, wamechoka na wanagombana. Dawa tunayoijua ya ugomvi wa watoto ni kuwapa kazi ya mikono. Tukawaita wapike vileja vya kuchukua njiani.

Tulichukua unga wa mchele vikombe vitatu, samli kikombe kimoja, sukari ya unga kikombe kimoja, mayai mawili, na iliki iliyotwangwa kijiko kimoja cha chai. Samli na sukari hupigwa pamoja mpaka zigeuke nyeupe, kisha huingia mayai, moja baada ya jingine, halafu iliki, na mwisho unga kidogo kidogo mpaka donge likubali kushikika bila ya kuganda mikononi. Hapo ndipo kazi ya watoto. Kila mmoja hukata kidonge cha kadiri ya ndimu ndogo, akakiviringa katika viganja, akakibonyeza kwa uma. Huokwa katika moto wa wastani, digrii 180, kwa dakika 15 hadi 20. Visingojewe vigeuke rangi ya kahawia; hutolewa vikiwa bado laini, kwani hukauka vinapopoa. Vile vya mjukuu wa kiume vilikuwa sawasawa kama vimepimwa. Vya mdogo wake vilikuwa vya kila umbo, na ndivyo vilivyokwisha mwanzo.

Tuliondoka baada ya sala ya Alfajiri. Toka Maskati hadi Nizwa ni kiasi cha kilomita 160, na njia ni pana na nzuri. Hupita Fanja, kisha bonde la Samail lenye mitende mikono miwili, kisha Izki, huku milima ya Hajar imesimama upande wa kulia. Tulikwenda mwezi wa Januari. Hatumshauri mtu mwenye watoto wadogo kwenda wakati wa joto, kwani jua la bara si kama la pwani: halina upepo wa bahari wa kulituliza.

Ijumaa asubuhi ndiyo siku ya mnada wa mbuzi wa Nizwa, karibu na ngome. Wanunuzi hukaa na kusimama kwa duara, na wenye mbuzi huwazungusha wanyama wao ndani ya duara hilo wakitangaza bei. Anayetaka humsimamisha mwenye mbuzi, akamfungua mnyama kinywa kutazama meno, akampapasa mgongo, wakapatana au wakaachana. Watoto waliolelewa katika nyumba za ghorofa, ambao nyama wameijua ikiwa ndani ya mfuko wa dukani, walisimama wameduwaa. Mjukuu wa kiume aliuliza kwa nini hutazamwa meno. Babu yake akamweleza kuwa umri wa mbuzi husomwa kinywani, na kwamba mbuzi wa udhhiya ana umri wake maalumu. Somo la fikihi liliingia hapo bila ya ubao wala chaki.

Pembeni, kwenye kivuli cha ukuta, alikuwepo mama mmoja mtu mzima wa Kiomani, amekaa juu ya mkeka, anasuka kuti la mtende. Mbele yake pana vikapu, makawa na vipepeo. Hapo miguu yetu ilisimama yenyewe. Sisi tulifundishwa kusuka ukili na marehemu mama yetu kule Unguja, tukiwa na umri wa mjukuu huyu, kwa chane za ukindu zilizotiwa rangi. Tulipoutazama mkono wa yule mama, tuliona kazi ni ile ile: chane hurowekwa maji zilainike, husukwa ukanda mwembamba mrefu, na ukanda huo hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka ukawa kikapu au mkeka. Wala si ajabu. Mkindu wa Afrika ya Mashariki na mtende wa Arabuni ni ndugu. Wataalamu wa mimea wanaiweka yote miwili katika jenasi moja iitwayo Phoenix. Mmoja huzaa tende za kuliwa na mwengine huzaa kindu ndogo za kuchezewa na watoto na ndege, lakini kuti lake humtii msukaji vile vile.

Yule mama alimwona mdogo wetu anavyokodoa macho, akampa chane chache. Tukakaa naye chini, tukamwonyesha, na baada ya kukosea mara tano au sita akaanza kushika. Alisuka urefu wa kidole. Sisi tukatazama saa. Tulikuwa bado hatujafika kwenye halua wala kwenye vyungu vya Bahla, na watu walikuwa wanazidi kujaa. Tukamwambia, "Inuka, mama, tutamaliza baadaye." Akainuka bila ya kusema neno, na kile kipande alichosuka akakiacha pale pale mkekani, kwani chane hazikuwa zake.

Katika duka la halua tulionjeshwa aina tatu. Wasomaji wanajua kuwa halua ya Omani, kama ile ya Unguja na Pemba, ni sukari, wanga, samli, zaafarani na iliki, ikikorogwa muda mrefu juu ya moto bila ya mkono kupumzika. Babu yao alishikilia kuwa ya Wete ni bora zaidi, muuzaji akashikilia yake, na sisi tukawa waamuzi. Mazungumzo yakanoga. Tulipogeuka, mkono tuliodhani tumeushika haukuwepo. Mjukuu wa kiume alikuwepo. Mdogo wake hakuwepo.

Hatuwezi kuieleza robo saa ile. Mwenye kupata kupotelewa na mtoto anaijua, na asiyepata tunamwombea asiijue. Babu alikwenda mbio kwenye duara la mbuzi. Sisi tulikwenda kwenye gari zinazoingia na kutoka, kwani hilo ndilo lililokuwa likitutia hofu zaidi. Wenye maduka, Mungu awalipe kheri, waliacha biashara zao wakaanza kuitana. Wakatuuliza amevaa nguo gani. Tulijibu buluu. Kumbe alikuwa amevaa kijani, na sisi ndio tuliomvisha asubuhi.

Wakati wote huo mjukuu wetu wa kiume alikuwa akituvuta nguo na kusema, "Bibi, labda amerudi kwa yule mama." Tukamwambia anyamaze. Akasema tena, nasi tukamwambia tena anyamaze, kwa sauti ambayo katika miaka yote ya kusomesha hatukupata kuitumia darasani. Mara ya tatu hakusema. Aliuacha mkono wetu akatangulia, na sisi tukamfuata kwa kuhofia kupotelewa na wa pili.

Tulimkuta amekaa mkekani, miguu ameikunja, tende moja shavuni, anasuka. Kipande cha urefu wa kidole kilikuwa kimefika urefu wa shibiri. Yeye hajui Kiarabu zaidi ya maneno ya skuli, na yule mama hajui Kiswahili, lakini walikuwa wanasuka pamoja bila ya tabu yoyote. Tulipofungua kinywa kumkaripia, alituangalia kwa mshangao wa kweli akasema, "Bibi, si mlisema tutamaliza?"

Hatukuwa na jibu. Yeye alikuwa ameishika ahadi yetu, na sisi tuliitoa kama wazee wengi tunavyotoa ahadi kwa watoto, ili wainuke tu.

Yule mama alituambia jambo jingine, akicheka. Alipomwona mtoto amerudi peke yake alimuuliza kama wanavyouliza watu wa hapa: "Bint man?" Yaani, wewe ni binti wa nani? Mtoto akafahamu neno binti, akajibu, "Bint Baba." Akamuuliza nyumbani kwao ni wapi, akajibu, "Kwa Bibi." Basi yule mama akaona bora amweke hapo hapo mpaka huyo Bibi atokee.

Tulicheka pamoja naye, lakini njiani kwenda msikitini hatukuwa na kicheko. Mtoto wa miaka sita, anayejua majina ya katuni zote za televisheni, hakujua jina la baba yake zaidi ya "Baba", wala la babu yake, wala letu. Hakuna aliyemfundisha, kwa kuwa kila mmoja wetu alidhani analijua.

Baada ya sala ya Ijumaa na chakula, tulipanda ngome. Mnara wake mkubwa wa duara ulijengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif, yule yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na inasimuliwa kuwa ujenzi wake ulichukua miaka 12. Ngazi zake ni nyembamba, zinakata kona, na kila kona ina mlango wenye tundu juu yake. Adui aliyefika hapo alimwagiwa asali ya tende iliyochemshwa. Watoto walikipenda zaidi chumba cha tende, ambamo magunia yalipangwa moja juu ya jingine, na asali ikajikamua yenyewe kwa uzito ikapita katika vijifereji vya sakafuni. Wazazi wenye watoto wakorofi wawashike mikono huko juu. Sisi siku ile hatukuhitaji kukumbushwa.

Tulimalizia jioni kwenye Falaj Daris, mmoja katika mifereji mitano ya Omani iliyoandikwa na UNESCO mwaka 2006 katika urithi wa dunia. Maji yake huchukuliwa chini ya ardhi na kuteremka kwa mwinamo tu, bila ya pampu. Kwa desturi hutumika kwanza kwa kunywa, kisha misikitini, kisha mashambani, na kila mwenye shamba ana zamu yake, ambayo zamani ilipimwa mchana kwa kivuli na usiku kwa nyota. Pana bustani hapo, na watoto huruhusika kutia miguu majini.

Hapo ndipo tulipofanya kazi tuliyostahili kuifanya zamani. Miguu majini na vileja mkononi, tuliwasomesha nasaba yao: jina lako, la baba, la babu, la baba wa babu, na kabila. Kisha nambari ya simu ya mama, mpaka wakaisema bila ya kusita. Mdogo alikosea kwenye jina la tatu mara mbili, akalipata. Kaka yake tulimwomba radhi mbele ya mdogo wake kwa kumnyamazisha. Aliona haya, akaingiza mguu zaidi majini, akasema si kitu.

Wasomaji wapenzi, tunawaombeni mambo matatu kabla ya safari yoyote na watoto. Muulizeni kila mtoto aseme jina lake kamili na la babu yake, msidhani, muulizeni. Muandikieni nambari ya simu katika kikaratasi, akitie mfukoni. Na mkubaliane naye mahali pa kukutana pindi mkipoteana, mahali anapopajua yeye na kupapenda, si pale mnapopaona nyinyi kuwa pazuri.

Asiyepata makuti na akate magazeti ya kale vipande virefu, aanze na vitatu kama kusuka nywele, kisha vitano. Sisi tulinunua kwa yule mama fungu la chane kwa riyali moja. Kila Alkhamisi baada ya Alasiri tunaziroweka, na ule ukili wa Nizwa sasa umezidi pima moja. Mwenyewe anasema utakuwa mkeka wa kusalia wa mdoli wake. Tumemwambia tutamaliza, na mara hii tumemtajia na mwezi: Ramadhani, inshaallah.