Sitara ya Nyumba na Waya wa Kompyuta



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu, na hasa nyinyi mama zetu na dada zetu, wiki hii napenda tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo: kuunganisha kompyuta mbili za nyumbani kwa waya mmoja, ili vilivyomo katika hii vihamie katika ile. Mtu atauliza, sheikh ana nini na nyaya? Jawabu ni kwamba ndani ya kompyuta zetu siku hizi mna sitara za watu, na kuhifadhi sitara ni katika dini.

Hapa nyumbani kwetu Kuruwitu, kompyuta ya zamani ilikuwa imeanza kuzimika yenyewe. Ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu mama yangu, Allah amrehemu, akitaja nasaba za ukoo wetu. Mlikuwa na masomo ya watoto, na picha za harusi ya binti yangu, zikiwemo za usiku wa kupamba. Mambo ya kupamba mwayajua: wanawake huwa peke yao, wamevua mabuibui, wamejipamba kwa asumini na dhahabu, na hupigana picha kwa kuaminiana. Jirani alitushauri tuipeleke kompyuta dukani. Mpwa wangu naye akasema tupandishe kila kitu kwenye intaneti, kisha tukishushe katika kompyuta mpya. Mke wangu alikataa yote mawili. "Bwana," aliniambia, "picha hizi si zangu wala si zako. Humu mna mabinti za watu, na walikubali kupigwa wakijua hazitatoka kwetu."

Alisema kweli. Picha ya mtu ni amana, na amana haiwekwi mkononi mwa mwingine bila idhini ya mwenyewe. Ukipeleka kompyuta dukani, fundi anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini hujui nakala ngapi zimebaki katika mashine yake, wala nani atakayeitumia kesho. Na intaneti je? Tangu 2009 kebo za mawasiliano zimefika Mombasa kupitia chini ya bahari hii hii yetu; mojawapo, iitwayo TEAMS, yatoka Fujairah katika Falme za Kiarabu. Ni neema kubwa. Lakini picha inayotoka chumba cha kulala kwenda ukumbini kwa njia hiyo huenda ikavuka bahari na kuhifadhiwa katika mashine za watu tusiowajua, na juu ya hayo tumelipia bando.

Waya wa mtandao hauna safari hiyo. Ndani yake mna nyuzi 8 zilizosokotwa jozi 4, na kila ncha ina kichwa cha plastiki kinachoingia katika tundu lililo ubavuni au nyuma ya kompyuta. Waweza kufika hata mita 100. Kompyuta za zamani sana zilihitaji waya uliopishanishwa nyuzi, ili mdomo wa huyu ulekee sikio la yule. Nyingi za siku hizi hujipanga zenyewe, na waya wa kawaida watosha.

Binti yangu ndiye aliyeifanya kazi hiyo, kwa kuwa picha ni za wanawake. Alizima Wi-Fi kwanza. Kisha akazipa kompyuta anwani zake, moja 192.168.1.1 na nyingine 192.168.1.2, na zote mbili akaziandikia 255.255.255.0 pale panapotakiwa kipimo cha mtandao. Katika ile ya zamani alifungua folda moja tu iweze kusomwa na mwenziwe, na akaiwekea neno la siri. Kwa waya wa mwendo wa megabiti 100 kwa sekunde, gigabaiti 40 huchukua yapata saa moja. Mashine mpya huenda mbio zaidi. Folda ilihama nzima, bila ya picha hata moja kufunguliwa.

Nilipoliona lile neno la siri niliikumbuka Surat Nur. Katika aya ya 27 tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe. Katika aya ya 58 hata watoto wa nyumbani wametakiwa kupiga hodi nyakati tatu: kabla ya alfajiri, wakati wa adhuhuri tunapopunguza nguo, na baada ya isha. Ikiwa mlango wa mbao una hodi, basi na folda yenye picha za mama na dada zetu ina haki ya hodi. Hata sheria ya nchi yalitambua jambo hili: Katiba ya 2010, kifungu cha 31, yalinda faragha ya kila mtu.

Yamebaki mambo mawili. Hakikisheni kwanza kwamba vyote vimefika na vyafunguka, kisha ifungeni ile folda na mchomoe waya. Pili, msiuze wala msimpe mtu kompyuta kuukuu kwa kuwa tu mmefuta picha. Kilichofutwa kwa kawaida huweza kurejeshwa na mjuzi. Iondoeni diski yake mbaki nayo, au mtake mtu mnayemwamini aifute kabisa mbele yenu.

Sauti ya mama yangu sasa yasikika katika kompyuta mpya, na wajukuu zake wanaandika zile nasaba daftarini. Picha za wale mabinti nazo zimo mle mle nyumbani, kama walivyoahidiwa.

Mwenyezi Mungu atusitiri duniani na akhera, na atujaalie kuwa wenye kuchunga amana. Amin. Wabillahi tawfiq.