Konokono wa Tumbo Moja

Sokoni Daraja Mbili wananipima kwa dadangu. Yeye alihitimu, mimi niliacha chuo, naandika. "Kweli nyinyi ni wa tumbo moja?" mama mboga huniuliza.

Konokono pia wako hivyo. Fulica na reticulata ni majitu ya Afrika Mashariki, wa ukoo mmoja. Gamba la fulica ni laini kiasi. La reticulata limekwaruzwa kama wavu. Fulica alipelekwa India mwaka 1847, na 1966 mtoto akaingiza watatu Florida, wakazaana maelfu. Reticulata kwao ni Tanzania, na sifa za safari hana.

Dadangu sina neno naye. Ila huko Florida, huyo aliyefika mbali wamemsaka hadi kwa mbwa. Wa wavu nani anamkimbiza?